Ushuhuda wa Damari

Ushuhuda ule haukuwa wangu. Nimeikwepa sentensi hii kwa miaka thelathini na kitu, na kwa kuwa kazi yangu ni kuandika sentensi, mtu angetarajia initoke kwa urahisi zaidi. Mchungaji aliyenifungisha ndoa aliwahi kusikia habari zake, akaniuliza. Nikasema ni wangu. Binti yangu aliniuliza alipokuwa na umri wa kuuliza kila kitu; nikasema ni wangu, kisha nikamtuma dukani. Mwaka jana Mama Tabita, mlezi wetu wa bweni nilipokuwa shule, akafariki, na baada ya mazishi, ambayo sikuyahudhuria kwa sababu nilizozitunga vizuri, ikaja barua ya katibu wa usharika, kijana mwenye mwandiko wa kupendeza. Walikuwa wanatayarisha kijitabu cha kumkumbuka marehemu. Nyuma ya Biblia yake walikuta ameunakili kwa mkono wake ushuhuda nilioutoa kanisani mwaka wa hamsini na saba, nao wakaomba ruhusa yangu wauchape. Ili kunikumbusha, katibu alinukuu mstari wa kwanza: "Niliomba baba arudi, akarudi." Aliongeza, kama habari njema, kwamba marehemu alimwombea baba yangu kila asubuhi mpaka alipoacha kuona. Baba yangu alikuwa fundi cherehani wa Mbeya mjini, mtu mpole aliyekuwa akiomba radhi hata kwa kitambaa kabla ya kukikata. Hakuwahi kwenda popote hata ikabidi arudi.

Ukoo wangu nitauacha hapo alipo huyo fundi na cherehani yake. Kinachohusika ni kwamba Januari ya mwaka huo, nikiwa na miaka kumi na mitano, nilishuka kwenye basi nikiwa na sanduku la bati na koti la kaka yangu, mbele ya shule ya kati ya wasichana katika milima ya Iringa, kwa sababu huko ndiko nafasi ilikopatikana. Nilikuwa nimekulia chini ya mlima Loleza, kwa hiyo nilidhani naijua baridi. Baridi ya kule ilikuwa ya aina nyingine. Ukungu uliingia bwenini kama mtu mwenye kitanda chake. Vitanda vilikuwa thelathini, safu mbili, kuta zimepakwa chokaa, na kila kitu kilinuka mafuta ya taa na blanketi lisilokauka. Wenzangu walikuwa Wahehe na Wabena, na lugha zao zilielewana kama ndugu waliogombana kidogo tu. Kinyakyusa changu hakikuwa na mtu wa kukipokea. Asubuhi walinisalimu "Kamwene", nami nikajifunza kujibu "Kamwene", na hapo maongezi yetu yalikuwa yamefika mwisho wake. Chakula kilikuwa ugali na maharage, Jumamosi makande, na viazi mviringo kila walipokosa wazo jingine. Siku ya pili niliuliza kwa unyenyekevu kama ndizi huwa zinapikwa siku gani. Tangu hapo jina langu likawa Ndizi. Nakumbuka tukifua kijitoni, wao wakicheka kwa lugha yao, mimi nikisugua shuka langu peke yangu chini ya mkondo, na katikati ya maneno yale yote nikitambua moja tu: Ndizi. Leo najua hawakuwa na ubaya. Msichana mpweke hana haja ya ubaya wa mtu; huutengeneza mwenyewe nyumbani.

Kanisa lile lilikuwa na desturi ambayo vijana wa leo hawaijui. Kabla ya Meza ya Bwana, iliyoandaliwa mara chache kwa mwaka, kila aliyetaka kushiriki alipaswa kwanza "kwenda kusema". Haikuwa kuungama dhambi kwa orodha. Ulikaa mbele ya mzee wa kanisa, yeye akakuuliza unaendeleaje na Mungu, ukasema, basi. Sisi wasichana tulikwenda kwa Mama Tabita, mlezi wa bweni, mjane mfupi mwenye mikono mikubwa, ambaye alitupokea katika stoo ya chakula kwa sababu ndiyo iliyokuwa na mlango unaofungika. Ulikalia debe lililogeuzwa, kati ya magunia ya mahindi na ya maharage, naye akakusikiliza huku akimenya viazi vya jioni. Swali lake lilikuwa moja kwa wote: "Wewe na Mungu mnasemezana?"

Sasa, shule ilikuwa na sheria ya Kiswahili. Aliyekamatwa anasema lugha ya kwao ndani ya uwanja alivishwa kibao shingoni mpaka amkamate mwenzake. Hakuna mtu aliyewahi kusema kwamba Mungu naye yumo katika sheria hiyo, lakini wasichana wote thelathini waliamini hivyo bila kuulizana: ndani ya uwanja wa shule, Mungu alisikia Kiswahili tu, tena kilichonyooka. Na Kiswahili kwao kilikuwa nguo ya kuazima. Mimi nilikuwa nimekiokota barabarani Mbeya, mbele ya maduka, walikopita watu wa kila kabila wakienda na kutoka machimbo ya Chunya, na kwa kuongeza nilikuwa nasoma chochote chenye maandishi, pamoja na makopo. Kabla ya Pasaka msichana wa kitanda cha pili alinijia na hindi la kuchoma, akaniomba nimtungie cha kusema. Nikamtungia. Kesho yake wakaja wawili. Ndivyo nilivyoanza kazi ninayoifanya hadi leo. Dhambi nilizowapa zilikuwa safi, zisizoweza kumdhuru mtu: kusinzia wakati wa sala, kula kiazi kabla ya kushukuru, kumwonea mwenzako wivu kwa kitabu chake cha nyimbo. Mnene nilimpa ulafi, mzuri wa uso nikampa kiburi, na wale nisioweza kuwaainisha niliwapa wivu wa kitabu cha nyimbo. Nilikula vizuri Pasaka ile. Waliniita Ndizi kwa heshima kidogo, ingawa hakuna aliyekaa nami baada ya kupokea dhambi yake. Mimi mwenyewe nilisema mbele ya Mama Tabita mambo ya kupendeza sana, na nilipotoka stooni sikukumbuka hata moja. Nilijua kumhutubia Mungu. Kumwambia kitu, hapana.

Damari alinijia Agosti, Alhamisi ya kuelekea Meza nyingine, tukichambua maharage kwenye baraza la jiko, kila mtu na ungo wake. Alikuwa Mhehe kutoka upande wa Kilolo, mrefu, mzito wa kusema. Katika bweni lile yeye pekee hakuwa amewahi kuniomba kitu. Nilidhani amekuja kuchukua ya wivu, nikaanza kumpangia, akanikatiza.

"Hiyo ya kitabu cha nyimbo sitaki. Wameshasema wote."

"Unataka ipi?"

"Ninayo yangu. Unipangie maneno tu."

Akaniambia, macho yakiwa kwenye ungo, kwa Kiswahili chake kilichotembea kama mtu anayevuka mto juu ya mawe. Baba yake alikuwa Chunya kwenye dhahabu, miaka sita. Kila siku aliomba arudi. Siku nyingine alikataa hata chakula ili Mungu aone kwamba hatanii. "Akarudi," alisema. Alitoa jiwe kwenye maharage, akalitupa uani. "Sasa mama analala jikoni, na jino la mbele hana. Aliyemwomba ni mimi." Tangu hapo alikuwa haombi. Asubuhi kabla ya kengele alikwenda kukaa kwenye magogo ya kuni nyuma ya jiko. Nikamuuliza huwa anasema nini huko. "Sisemi. Nakaa tu. Nikisema asante nitakuwa nadanganya. Nikiomba kitu, naogopa atanipa."

Sikuwahi kusikia mtu akisema hivyo juu ya Mungu. Sikujua inaruhusiwa. Nilishika ungo wangu nikaona aibu ya ajabu, kama niliyefungua mlango bila kubisha, na pamoja na aibu, naandika hili kwa sababu nimejiahidi kuandika yote, nilihisi wivu. Wivu halisi, si ule niliowagawia wenzangu. Huyu alikuwa na mtu wa kumkasirikia. Kengele ya chakula ikalia. Damari akainuka, akapangusa vumbi la maharage kwenye sketi.

"Bado sijamaliza," akasema. "Kesho nitakumalizia."

Kesho yake waliotoka mbali waliitwa stooni kwanza, na aliyetoka mbali nilikuwa mimi. Nilikuwa na hotuba yangu tayari: roho yangu ilifananishwa na shamba lisilopaliliwa, na kulikuwa na sehemu nzuri sana ya magugu. Mama Tabita aliiacha ipite mpaka mwisho wake. Viazi viwili vilimenywa. Kisha akaniambia kwamba Pasaka wasichana kumi na mmoja walikuwa na wivu kwa sababu ya kitabu kimoja cha nyimbo. "Nilikitafuta hicho kitabu," akasema. "Ni cha kawaida tu." Akaweka kisu juu ya gunia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa mtu yeyote.

"Ya wenzako nimeshajua yanatoka wapi. Mwanangu, ya kwako iko wapi?"

Ilikuwapo. Ilikuwa rahisi: mama, hapa hakuna anayeniita jina langu, na huyo Mungu ninamsomea insha kwa sababu sina mtu mwingine wa kunisikiliza. Maneno hayo nimeyapata sasa, nikiwa na miwani. Siku ile nilitazama ndani yangu nikaona giza, na katikati yake maneno ya Damari, bado yana moto. Nikayasema. Niliomba baba arudi, akarudi. Nilisema jino. Nilisema jikoni. Nilisema nikiomba kitu naogopa atanipa, na sauti yangu ikakatika mahali pazuri kabisa, bila mimi kuipanga. Chunya na Mbeya ni jirani. Hakuna lililokuwa rahisi kuaminika kuliko baba wa msichana wa Mbeya kuwa Chunya. Mama Tabita alilia. Alinishika mkono kwa mkono wake wenye udongo wa viazi, akaniombea, si kwa Kiswahili bali kwa Kibena, humo humo ndani ya uwanja wa shule, na neno pekee nililolijua lilikuwa Nguluvi, Mungu, likirudi na kurudi. Tangu Januari hakuna mtu aliyekuwa amenishika mkono. Sisemi hili kujitetea. Nalisema kwa sababu nimesoma vitabu vingi juu ya uongo na hakuna kilichonieleza kwamba mtu anaweza kuiba kwa ajili ya kushikwa mkono tu.

Mchana akaingia Damari. Hakuwa amenipata kunimalizia, na nadhani aliamua kusema kwa maneno yake mwenyewe, vyovyote yatakavyotoka. Muda si mrefu nikaitwa. Nilimkuta amesimama kando ya gunia la mahindi, Mama Tabita ameketi, amechoka usoni kwa kusikia habari ile ile mara ya pili. Alikuwa amejiandaa, nafikiri, kumkamata mtu mmoja siku ile akitumia maneno ya kuazima, na sasa alidhani amempata. Aliniuliza bila ukali.

"Tusekile, maneno haya, wewe ndiye uliyempa mwenzako?"

Lilikuwa jina langu. Alilitamka vizuri. Damari alinitazama, si kwa kuomba, ila kama unavyomtazama mtu aliyeshika upande wa pili wa mzigo.

"Ndiyo, Mama," nikasema. "Nilimpa mimi."

Damari hakukana. Mpaka leo hilo ndilo linaloniamsha. Angeweza kusema, angeweza kulia, kwao kulikuwa na mama asiye na jino ambaye angetosha kuwa shahidi. Aliangalia beseni la viazi. Mama Tabita akamwambia, kwa upole ulioniumiza kuliko fimbo, kwamba Meza haikimbii, angoje mpaka Krismasi, na safari hiyo aje na ya kwake. Jumapili mimi nikasimamishwa mbele ya usharika mzima nikatoa ushuhuda. Wazee walifuta macho. Bwenini jioni ile hakuna aliyeniita Ndizi, maana sasa nilikuwa mtakatifu, na mtakatifu huachiwa nafasi.

Damari hakumwambia mtu. Nilingoja wiki nzima nishtakiwe, na kila siku iliyopita bila mashtaka iliongeza uzito. Jumatatu ya wiki iliyofuata, kabla ya kengele, niliondoka kitandani nikaenda nyuma ya jiko. Nilijiambia nakwenda kuomba, lakini ukweli ni kwamba baada ya kumwibia maneno nilikuwa nakwenda kumwibia na mahali. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya miti ya miwati, na moshi wa kwanza wa jiko ulitambaa chini kwa kukosa pa kwenda. Alikuwa ameketi kwenye gogo, mikono ndani ya sweta. Aliniona. Nikasimama pale kama mtu aliyeleta barua na kusahau ya nani. Kisha Damari akasogea. Alisogea tu kwenye gogo, nafasi ya mtu mmoja. Nikakaa. Tulikaa hivyo mpaka kengele, na kesho yake tena, na karibu kila asubuhi mpaka Novemba, bila neno. Nilijaribu kuanza sala zangu nzuri kichwani, zikaona haya kutoka mbele yake. Ilinichukua siku nyingi kuishiwa maneno. Yalipokwisha, nilibaki na moja la nyumbani, Kyala, jina ambalo kwetu Unyakyusa tunamwitia Mungu, na baada yake hapakuwa na kitu, si ombi wala shukrani. Nilikaa na hilo jina kama mtu anayekaa na mgonjwa. Ikiwa nina chochote na Mungu leo, na watu wanaonijua mezani kwao watashangaa kusikia ninacho, kilianzia kwenye gogo hilo, kando ya msichana niliyemwibia, ambaye hatukusemezana naye.

Ungefikiri ningemwambia basi. Nilifungua kinywa mara mbili. Mara ya pili aliinuka kwenda kuteka maji. Kwa Mama Tabita sikufungua hata mara moja, kila aliponikuta njiani aliniuliza, "Baba hajambo?" nami nikajibu anaendelea vizuri, na baba yangu aliendelea vizuri hivyo kwa miaka mingi, akiponywa taratibu ugonjwa ambao hakuwa nao. Novemba ndugu wa Damari alikuja kumchukua, mama yake alikuwa mgonjwa. Krismasi ilimkuta kwao. Januari kitanda chake kilipewa mwingine. Mimi niliendelea: sekondari, chuo kikuu, makala, tuzo moja ndogo. Nimeandika juu ya unyofu. Nimetoa hata mhadhara juu yake.

Barua ya katibu ilikaa mezani kwangu hapa Dar es Salaam majuma matatu. Niliandika majibu manne. La kwanza lilikubali kwa unyenyekevu. La pili lilikataa kwa unyenyekevu zaidi. Yote yalikuwa na sehemu nzuri za magugu. Mwishowe nilimwandikia katibu swali moja, kama anajua aliko Damari. Alijua. Alikuwa msimamizi wa jikoni kwenye kiwanda cha karatasi kule Mgololo, na ofisi yao ilikuwa na simu. Nikaagiza simu ya mbali. Opereta aliniunganisha na Iringa, Iringa wakaniambia ningoje, nikasikia maji au upepo kwenye waya, kisha viatu vikija bila haraka kwenye sakafu ya saruji.

"Nani mwenzangu?"

"Tusekile."

"Tusekile wa ndizi?"

Alicheka, na kicheko kilikuwa kile kile cha kijitoni. Mimi nikaanza kueleza. Nilieleza Biblia ya Mama Tabita, kijitabu, katibu, nikaeleza nilivyokuwa mtoto, nikaeleza upweke, na katikati ya maelezo nikasikia sauti yangu inakaribia kukatika mahali pazuri. Nikaacha. Nikasema: "Damari, nilikuibia. Nikasema uongo ukiwa umesimama pale."

"Najua. Nilikuwepo."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Kiswahili ulikuwa nacho wewe." Alivuta pumzi. "Lakini hukuniacha nimalize. Nilikwambia bado. Nilikuwa nataka kukwambia ya asubuhi ya siku ile, kwenye magogo. Nilikuwa nimemwambia, Nguluvi, nimekukasirikia. Kwa Kihehe, tena kwa sauti. Halafu nikafumba macho nikangoja anipige, kama baba. Hakunipiga." Nyuma yake sufuria iligongwa, mtu akamuuliza kuhusu mchele, naye akamjibu kwamba ni ule wa Madibira, uoshwe mara mbili. Akarudi kwangu. "Ndiyo hiyo tu. Ndiyo ilikuwa habari yenyewe. Ulikwenda na ile ya mwanzo tu."

Nilimuuliza nimwambie nini katibu. Alisema niwaambie waandike jina la mwenyewe, au wasiandike kabisa, hilo ni la karatasi, na karatasi kule wanatengeneza kila siku. Sauti yake haikuwa na hasira. Ilikuwa sauti ya mtu anayesogea kwenye gogo.

"Ila ya kwako," akasema, "sijawahi kuisikia. Miezi yote ile tumekaa. Wewe ulikuwa unamwambia nini?"

Nilifungua kinywa. Opereta akaingia katikati yetu, akasema muda wetu umekwisha, akauliza kama tunaendelea.

"Tunaendelea," Damari akamjibu. Kisha akaningoja nijibu.